Buni ya Mama Mkwe

Ukipita Rugera ukakuta shamba la migomba ambalo udongo wake hauonekani kabisa, hapo ni kwa wifi yangu Deodatha. Wengine hutupia nyasi kidogo huku na huku, mradi jirani aone wametandaza. Yeye hutandaza nyasi na majani makavu ya migomba mpaka ukikanyaga mguu unazama, na ukifukua kwa kidole wakati wa kiangazi unakuta chini kuna unyevu na minyoo inajipitia bila wasiwasi. Wanawake wanatoka Kihanga kuja kumwuliza anafanyaje, naye anawaonyesha bila maringo. Mimi nisingeweza. Mimi ni Vero, fundi cherehani wa Bugene, dada yake Placidius ambaye ndiye mume wa Deodatha, na kabla hujaambiwa na mtu mwingine, ni kweli nina mdomo. Habari hii naisimulia mimi kwa sababu mwenyewe akiisimulia ataipunguza.

Alikuja kwetu akiwa msichana wa Kyerwa, mrefu, mpole, mwenye kucheka huku amefunika meno kwa kiganja. Mwaka wa kwanza mimba ikatoka. Mwaka wa pili ikatoka nyingine. Mara zote mbili alisafishwa kizazi, wanavyofanyiwa wanawake wengi, akarudi nyumbani akashika jembe. Baada ya hapo kimya. Migomba ikazaa, kahawa ikazaa, mbuzi wakazaa mapacha, yeye hapana.

Mama yetu, Kokubanza, si mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu najua utakavyomfikiria. Ni mjane, Mlutheri, mwanakwaya ambaye mpaka leo akiimba waliokaa nyuma wanageuka kumtazama. Placidius ndiye mtoto wake wa kiume pekee, na kibanja chetu, yaani shamba la nyumbani lililoizunguka nyumba, ni cha ukoo. Kwetu kibanja hakiachwi hewani. Mama hakumtukana Deodatha hata siku moja. Alifanya lililo baya zaidi: aliacha kumtuma. Mama mkwe wa Kinyambo anayekupenda hakuachi ukae. Anakutuma maji, anakutuma chumvi, anakuita uje umshikie ndizi anazomenya, anakutuma kwa jirani kwa jambo ambalo hata halipo. Mama alikuwa anajiinukia mwenyewe, na goti lake bovu, akachukue chumvi jikoni, na Deodatha amekaa pale pale anamtazama. Nimeona wanawake waliopigwa wakalia kidogo kuliko alivyolia yeye kwa ajili ya chumvi ile.

Ndugu yangu Placidius si msemaji. Unaweza kukaa naye mchana kutwa akakuambia maneno matatu, na mawili yakawa salamu. Lakini msimu mmoja aliuza kahawa yake yote, akamwambia mkewe, "Jiandae, tunakwenda Mwanza." Alikuwa amesikia kuna kliniki huko inayosaidia wasiozaa. Hakumwomba mtu ushauri, na kwa hilo nilimpenda upya.

Daktari waliyemkuta aliitwa Umutesi, mama mnene mwenye sauti ya taratibu na miwani ya kuning'inia kifuani. Alimpima Deodatha kila mahali. Aliingiza kamera ndogo ndani ya mfuko wa uzazi, akakuta makovu ya kule kusafishwa, akayakata. Kisha mayai ya mke na mbegu za mume vikakutanishwa maabara, vikapatikana viinitete viwili vizima, vikagandishwa vikawekwa. Viwili tu. Na kwa umri wa wifi yangu, daktari alisema wazi, kupata vingine haitakuwa rahisi.

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa haijaanza. Ndani ya mfuko wa uzazi kuna ukuta laini ambao kila mwezi hujijenga kusubiri mtoto, na mtoto asipokuja unabomoka, ndiyo hedhi. Kiinitete kinapowekwa, ni katika ukuta huo kinajishikiza. Daktari Umutesi alitaka ufike milimita saba kwa unene. Wa Deodatha ulifika tano, ukagoma. Akapewa vidonge vya homoni vya kuunenepesha, akameza wiki baada ya wiki, akapimwa: tano. Wakaahirisha. Miezi ikapita, akaongezewa dozi, akabandikwa na plasta za dawa tumboni, akapimwa: tano na kitu kidogo. Wakaahirisha tena.

"Daktari," Deodatha aliuliza siku hiyo, "kwa nini tusiweke hivyo hivyo?"

"Tunaweza," daktari alisema. "Wapo waliopata kwa tano. Lakini wewe una viwili tu, na mimi naogopa kuvipoteza."

Deodatha akafikiri, akasema, "Yaani mgomba upo, shimo lipo, ila sijatandaza."

Daktari akacheka, akasema ndiyo, hasa hivyo. Wifi yangu yeye hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba njia nzima ya kurudi alikuwa anajiuliza ni nyasi gani atatandaza huko ndani, yeye anayewafundisha wenzake kutandaza.

Sasa hapa nitachekesha kidogo, maana nisipocheka nitalia. Safari iliyofuata daktari aliandika dawa nyingine, vidonge vile ambavyo wazee huvinunua kwa kunong'ona, vya kuwapa nguvu za kiume. Alieleza kwamba dawa hiyo hufungua mishipa, damu ikapita vizuri, na damu ikifika kwenye mfuko wa uzazi ukuta huenda ukanenepa. Mwanamke havimezi, vinawekwa ukeni kama alivyoelekeza. Dozi ya kwanza ilipoisha, Placidius akaenda kununua nyingine Kayanga. Muuzaji wa duka la dawa, Edgar, akasoma karatasi, akamtazama Placidius, akatabasamu tabasamu la kijinga. Kufikia jioni Bugene nzima ilikuwa na habari.

Siku ya pili yake kwenye kilabu cha rubisi, bwana mmoja anayeitwa Lameck, asiyejua kunyamaza, akamwuliza mbele ya watu, "Placidius, tumesikia injini imezima?"

Placidius akanywa pombe yake ya ndizi, akaweka kibuyu chini. "Imezima," akasema. "Nipo natengeneza."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeye akachukua kofia yake akaenda kukata majani ya ng'ombe. Angeweza kusema neno moja tu, kwamba dawa ni ya mke wangu, na kicheko kingehamia kwa Deodatha. Hakusema. Nilipopata habari nilifunga cherehani nikaenda mpaka dukani kwa Edgar, nikamwambia mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa kwa kuwa nimekwishatubu. Tangu siku ile anauza dawa akiwa ameinamisha macho.

Dawa ile ilisaidia, lakini haikufikisha. Tano na nukta nane. Safari ya tatu ikaahirishwa.

Ndipo daktari Umutesi akasema kuna njia nyingine moja, akasema pia asiyoyajua juu yake, na nilimheshimu kwa hilo. Wangemtoa Deodatha damu mkononi, damu hiyo ingezungushwa kwenye mashine mpaka itengane, na sehemu ya juu yenye rangi ya manjano, iliyojaa zile chembe ndogo zinazofunga na kuponya kidonda, ingerudishwa kwa mrija mwembamba ndani ya mfuko wake wa uzazi. "Wapo inaowasaidia, wapo isiowasaidia," alisema. "Bado wataalamu wanaichunguza. Sikuahidi kitu." Deodatha akajibu kwamba atajaribu, na kwamba hii ndiyo ya mwisho. Ukuta ukifika saba, viinitete vitawekwa. Usipofika, hatarudi tena Mwanza, atakubali litakalokuja.

Na lililokuwa linakuja alilijua. Mama alikuwa amekwisha kuitisha kikao cha ukoo, kifanyike kahawa ikishaanuliwa. Msichana wa Kihanga alikuwa ameshaonekana. Placidius alisema hataki, lakini mtu mmoja asiyesema sana, mbele ya wazee saba wanaosema sana, utamwekea dau gani? Na kama angekufa kesho, mjane asiye na mtoto angebaki na nini katika kibanja alichokitandaza kwa mikono yake? Hayo yote yalikuwa yamening'inia kwenye milimita moja na kidogo.

Niliposhuka nyumbani Rugera kuwaaga, nilimkuta Placidius ameshamwambia mama habari ya damu. Ilikuwa haki yake kujua, lakini mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika kiuno.

"Damu ya nani?" aliuliza.

"Ya mkwe wako," nikamjibu, "shikamoo kwanza mama."

"Marahaba. Hiyo mashine ni ya Deodatha peke yake? Imenunuliwa leo?"

"Ni ya kliniki, mama. Wanaitumia watu wengi."

"Ehee!" akapiga makofi. "Basi mtoto atanywana na watu wengi."

Kwa asiyejua, nieleze. Zamani kwetu watu wawili waliopendana walifanya omukago. Walichukua buni, tunda moja la kahawa, wakalipasua, ndani zikatoka punje mbili. Kila mmoja alijichanja karibu na kitovu, akapaka punje damu yake, mwenzake akaimeza. Kuanzia hapo huyo ni munywani wako, wa karibu kuliko ndugu wa tumbo moja. Humnyimi chakula, humfukuzi nyumbani kwako, humtendei ubaya, watoto wenu hawaoani. Anayeuvunja, walisema wazee, tumbo linavimba anakufa. Kanisa liliukataa siku nyingi, na mama ni mtu wa kanisa, lakini babu yake alikuwa na wanywani wanne na yeye alikua anawaona wakiingia ndani bila kubisha hodi.

"Leo wanazungusha damu ya Msukuma," mama akaendelea, "kesho ya Mkurya, kesho kutwa ya mtu aliyetoka sijui Kongo. Halafu wanamwekea huyu, palepale mtoto anapokaa! Mjukuu wangu atazaliwa ana omukago na watu nisiowajua. Siku akioa huko aliko munywani wake? Nani atajua? Mashine itasema?"

Mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti, halafu nikakasirika, nikaanza kumweleza kwamba kila mtu damu yake huwekwa peke yake, kwamba sisi tumesoma, kwamba mambo ya kale yanatuchelewesha. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunenepa pale mlangoni. Lakini mwenzangu nilikuwa sijamsikia bado. Deodatha alitoka jikoni, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akasema kwa utulivu, "Mama, unauliza vizuri. Hata mimi sijaiona hiyo mashine. Twende wote, ukaiangalie wewe."

Mama akatoka pale mlangoni. Sidhani kama kuna mtu aliwahi kumwomba jambo la maana namna hiyo tangu baba afariki.

"Nitavaa gauni la kwaya," akasema.

Basi tukaenda wanne, tukafikia kwa dada yetu wa ukoo, Prudensia, aliyeolewa Mwanza. Mama alivuka lile daraja refu la ziwani amefumba macho, anaomba, na tulipofika ng'ambo akadai ameliona lote.

Pale kliniki daktari Umutesi alimsalimia mama kwa kuinama, akasikiliza maswali yake yote mpaka la mwisho, hakucheka hata mara moja. Kisha akamvalisha koti jeupe na kofia ya karatasi, akamwekea kiti mbele ya mashine. Mimi nilichungulia mlangoni. Deodatha alichomwa sindano, damu ikaingia kwenye kichupa, mama akiifuata kwa macho kutoka mkononi hadi mezani. Nesi akaweka kichupa kwenye tundu moja la mashine, halafu akachukua kichupa cha pili akakiweka tundu la upande wa pili. Mama akaruka kitini.

"Na huyu wa pili ni nani?"

Nesi akashtuka. Daktari akatoa kile kichupa, akampa mama mkononi. "Ni maji matupu, mama. Mashine hii ikibeba upande mmoja tu inayumba na kuvunjika. Lazima upande wa pili uwe na uzito sawa."

Mama akakigeuza mwangani, akakinusa, akakitikisa. Nafikiri kama wangemwachia angekionja. "Maji," akakubali. "Rudisha."

Mashine ikanguruma. Ilipotulia wakamwonyesha: chini wekundu, juu manjano safi, rangi ya samli iliyoyeyuka. Mama hakutoa macho pale mpaka daktari alipoivuta ile manjano kwenye bomba, akaenda nayo nyuma ya pazia aliko Deodatha. Kazi yenyewe ilichukua muda wa kumenya ndizi chache.

Walipomaliza, tukaruhusiwa kuingia. Deodatha alikuwa amelala chali, pamba imebandikwa mkononi alipochomwa sindano, na katikati ya pamba alama nyekundu. Mama akasogeza kiti. Akafungua pindo la kitenge, akatoa kifurushi kidogo cha majani ya mgomba, na ndani yake zilikuwamo kahawa zetu za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani zikakaushwa, ambazo hakuna mgeni wa kwetu anayeondoka bila kupewa. Nikadhani anataka kumpoza mkwewe kinywa. Akachagua buni moja, akaipasua kwa meno yake machache, zikatoka punje mbili.

"Nimeangalia," akamwambia Deodatha. "Haikuingia damu ya mtu. Ni yako tu. Lakini mtu hanywani na nafsi yake, huo si omukago. Wanatakiwa wawili."

Akainua ile pamba, akaigusisha punje moja kwenye tone la damu, na kabla nesi hajafungua mdomo, akaimeza.

Nesi alipiga kelele. Placidius akasimama.

"Nyie nyamazeni," mama akasema bila kugeuka. Akampa Deodatha punje ya pili, kavu. "Yangu usinywe, daktari asije akagomba, una kazi kubwa tumboni. Wewe tafuna tu. Aliyemeza damu ndiye aliyejifunga, na aliyemeza ni mimi. Mtoto akija, asije, mimi siwezi kukutoa kwangu tena. Nikikutoa tumbo livimbe nife."

Deodatha alikuwa anamtazama, machozi yanashuka kuingia masikioni kwa vile alivyolala.

"Unajua Placidius nilimpata lini?" mama akauliza, sasa kwa sauti ndogo. "Nilimpata mkeka wangu umekwisha kukunjwa, umesimamishwa mlangoni, wanangoja kuche nirudishwe kwetu. Kichefuchefu kilinikamata asubuhi hiyohiyo. Ningechelewa siku moja, nisingekuwa mama wa mtu hapa. Na bado nikaenda kukutafutia wewe msichana wa Kihanga." Akatikisa kichwa, akajipangusa pua kwa pindo la kitenge. Halafu akasema, kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuamuru, "Nina kiu. Ukiweza kusimama, kaniletee maji."

Nesi alisema atayaleta yeye. Deodatha akamkataza. Akaamka taratibu, akavaa kandambili, akatembea mpaka kwenye ndoo ya maji ya kunywa iliyokuwa koridoni, akajaza kikombe, akarudi nacho kwa mikono miwili, akapiga magoti akampa. Alikuwa anacheka na kulia, na meno hakufunika. Nimeona harusi zisizokuwa na furaha ya kikombe kile cha maji.

Baada ya siku chache walirudia ile dawa ya damu mara ya pili, kisha tukaenda kupimwa. Mama alikaa nje, anasema ameshafanya ya kwake. Mimi nilisimama kichwani kwa Deodatha, Placidius miguuni, ameshika kofia kwa mikono yote miwili. Daktari akasogeza kipimo, akatazama kioo, akasogeza tena. Akavaa miwani. Nilitaka kumpiga.

"Saba," akasema. Akapima upya, akatugeuzia kioo, na sauti yake ya taratibu ikavunjika. "Saba na nukta mbili. Deodatha, umetandaza!"

Nilipiga kigelegele ndani ya chumba kile mpaka mlinzi akaja. Kutoka nje mama, bila kuuliza lolote, akaitikia kigelegele kwa wimbo wa sifa, sauti ya kwanza, na wanawake waliokuwa kwenye foleni, wenye shida zao wenyewe, wasiomjua hata jina, wakaimba naye. Placidius alikaa sakafuni. Tulimwacha hapohapo.

Viinitete vikawekwa, vyote viwili, tukarudi Rugera kungoja. Na kungoja huko kukakutana na kikao cha ukoo, kwa sababu kahawa ilikuwa imeanuliwa na hakuna aliyekumbuka kukifuta. Wazee wakaja, wakakaa. Baba mdogo Byarugaba, mkubwa wao, akakohoa akaanza na habari ya kibanja, tangu marehemu fulani alipofyeka pori. Mama akamwacha afike nusu, akasimama.

"Kikao niliitisha mimi," akasema, "nakifunga mimi. Msichana wa Kihanga aolewe salama na mwingine. Deodatha haondoki na haongezewi mwenzake. Ni munywani wangu."

Kukawa na zogo. "Omukago na mkaza mwana?" Byarugaba akafoka. "Lini umesikia jambo hilo?"

"Lini ulisikia likikatazwa?"

Byarugaba akaivuta fimbo yake karibu. Ni yeye huyo aliyetutisha tulipokuwa wadogo kwa hadithi za matumbo yaliyovimba. Angesemaje leo kwamba ni uongo?

"Na mtoto?" akauliza mwisho. "Amepata mtoto?"

"Hatujui bado," mama akajibu. "Na sikungoja kujua."

Deodatha alikuwa jikoni, amesikia yote. Aliniambia kwamba tangu dakika ile, hata kipimo kingesema hapana, yeye alikuwa ameshashinda. Mimi sikuwa na moyo mkubwa hivyo. Mimi nilitaka na mtoto pia.

Na mtoto akawa! Kipimo kikasema ndiyo, wakarudia kikasema ndiyo, na mwezi uliofuata kwenye kioo tukaona moyo unapiga, mmoja, mwepesi, hauna habari na mtu. Mimba ile ililindwa na mtaa mzima. Edgar wa duka la dawa alileta mwenyewe dawa mpaka mlangoni, macho chini. Lameck wa rubisi alikuja kutandaza nyasi kwa Deodatha bila kuombwa, akatandaza vibaya, na wifi yangu akakaa kwenye kigoda na tumbo lake anamwelekeza: ongeza hapo, bado naona udongo. Mama naye alimtuma kazi za kukaa tu: nichagulie maharage, niimbie ule wimbo, nitazamie kama mvua inakuja.

Alizaliwa msichana, mnene, mwenye hasira, na watu wanasema hasira ni ya shangazi yake. Siku ya kumtoa nje ua ulijaa. Baba mdogo Byarugaba aliletewa mtoto akamkagua kwa muda mrefu, paji la uso, vidole, masikio, akaridhika.

"Hakuna ubishi," akatangaza. "Ni wetu. Damu ya Placidius hii, na kwa Placidius ni damu yako, Kokubanza."

Mama alikuwa amekaa mkekani, mguu mbovu umenyooshwa, mgongo umeegemea bega la Deodatha. Akanyoosha mikono apewe mjukuu wake.

"Kwa Placidius ni njia moja," akasema. "Wewe una njia moja, na hawa wote wana njia moja. Mimi kwa huyu nimefika kwa njia mbili."

Kisha akamgeukia mkwewe, akamwambia akamletee chumvi.